THE PLATTERS: KUTOKA NYIMBO TULIVU ZA MAPENZI HADI MUZIKI WA SOUL

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mwanakwaya

Katika vipindi vya fasihi simulizi tumefunzwa kwamba wimbo huwa na mwimbishaji na waitikiaji. Tumefunzwa pia kwamba wimbo hubadilika kulingana na wakati, mahali na hadhira. Mambo haya tunayakariri kwa ajili ya mtihani, tunayaandika, halafu tukitoka nje tunayasahau. Katika makala haya nataka tuyatazame kwa mfano wa kundi moja la waimbaji wa Marekani lililoitwa The Platters. Bila shaka wengi wenu mmewahi kuusikia wimbo wao "Only You", hata kama hamkujua ni wa nani.

Swali ninalotaka tujiulize ni hili: kundi likiondokewa na mwimbishaji wake, lifanye nini? Je, litafute mtu wa kumwigiza yule aliyeondoka, ama lianze kuimba kwa njia nyingine? Msidhani kwamba swali hili ni la watu wa mbali pekee. Kila mwaka Kidato cha Nne wakimaliza mtihani wa KCSE, kwaya za shule huachwa na mapengo. Mwaka unaofuata watu husimama uwanjani wakisema, "Aah, kwaya ya mwaka jana ndiyo ilikuwa kwaya." Tujifunze basi kwa waliotutangulia, maana wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi.

Kundi lilivyoundwa

The Platters walianza mjini Los Angeles, katika jimbo la California, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyelipa kundi jina hilo ni Herb Reed, mwimbaji wa sauti nzito ya besi. Siku hizo watangazaji wa redio kule Marekani walikuwa wakiziita santuri kwa neno linalomaanisha sahani, kwa sababu ya umbo lake la duara. Vijana wale nao wakajiita Sahani hata kabla hawajatoa santuri yoyote iliyovuma. Huo ndio unaitwa ujasiri!

Meneja wao alikuwa Buck Ram, mtunzi wa nyimbo ambaye alikuwa amewahi kuzipangia muziki bendi kubwa za jazi. Ram alimweka Tony Williams mbele ili awe mwimbishaji, kisha akamwongeza msichana mmoja, Zola Taylor, katikati ya wanaume wanne. Hivyo kundi likawa na watu watano. Tony Williams aliimba sauti ya juu ya kiume, David Lynch akaimba sauti ya juu ya pili, Paul Robi akashika sauti ya kati, Herb Reed akabaki chini kwenye besi, naye Zola Taylor akaziba nafasi kwa sauti ya kike. Mwanakwaya yeyote ataelewa raha ya mpango huo. Hakuna aliyekuwa akigombania nafasi ya mwenzake.

Mwaka 1955 kampuni ya kurekodi ya Mercury ilitaka kundi jingine lililosimamiwa na Ram, yaani The Penguins, ambao wimbo wao "Earth Angel" ulikuwa umevuma sana. Ram alishikilia kwamba kampuni ikiwachukua hao, iwachukue na The Platters pia. Mercury wakakubali. Kumbe waliobebwa kama nyongeza ndio walioibeba kampuni! The Penguins hawakupata tena wimbo mkubwa kama ule wa kwanza, lakini The Platters wakawa miongoni mwa makundi yaliyouza santuri nyingi zaidi katika miaka ile.

Nyimbo tulivu

Wimbo uliowafungulia mlango ni huo "Only You", ulioandikwa na Ram. Walikuwa wameshaurekodi hapo awali kwa kampuni ndogo na haukuvuma. Walipourudia kwa Mercury mwaka 1955 ulifika nambari 5 katika orodha ya nyimbo za pop ya gazeti la Billboard. Katika orodha ya pili, ile ya nyimbo zilizopendwa na Waamerika Weusi, ulishika nambari 1. Hapa yafaa msomaji ajue kwamba Marekani ya wakati ule ilitenga watu kwa rangi, na hata nyimbo ziliwekwa katika orodha tofauti. Mweusi kuingia katika orodha ya pop hakukuwa jambo dogo.

Baadaye wakaja na "The Great Pretender" na "My Prayer" mwaka 1956, "Twilight Time" mwaka 1958, na "Smoke Gets in Your Eyes" ulioongoza mwanzoni mwa 1959. Nyimbo hizi nne zote zilifika nambari 1 katika orodha ya pop. Tena baadhi yao hazikuwa mpya. "Smoke Gets in Your Eyes" ulitungwa na Jerome Kern na Otto Harbach mwaka 1933 kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. "My Prayer" nao ulipewa maneno ya Kiingereza mwaka 1939. Ram na kundi lake walichukua nyimbo ambazo wazazi wa Kizungu walizijua tangu ujana wao, wakaziimba kwa sauti ambazo watoto wa wazazi hao walizitaka. Kwa hivyo baba na mwana waliweza kuusikiliza wimbo mmoja bila kugombania redio.

Wimbo wa namna hii huitwa balada. Hebu tuuchambue kama tunavyochambua nyimbo darasani.

Kwanza, mwendo wake ni wa polepole. Piano hugonga kwa upole, mapigo matatu matatu, na ngoma inasikika kwa mbali tu. Pili, mwimbishaji ndiye mwenye wimbo. Tony Williams hupanda juu, hukatiza neno ghafla kama mtu aliyeshikwa na kwikwi, kisha hulivuta hadi mwisho wa pumzi. Tatu, wale wengine wanne mara nyingi hawasemi maneno. Wao huguna "uuu" na "aaa" chini yake, mfano wa mto ambao mtu amelaza kichwa. Nne, ala za nyuzi kama violini huongezwa ili wimbo uwe laini zaidi.

Sasa msomaji ameshaona hatari iliyojificha hapo. Nyumba nzima imejengwa juu ya nguzo moja. Nguzo hiyo ikiondoka, je?

Pengo

Matatizo yalianza mwaka 1959. Mwezi wa Agosti wanaume wanne wa kundi walikamatwa na polisi mjini Cincinnati, wakashtakiwa kwa makosa ya kimaadili. Mahakama iliwaachilia huru mwaka uo huo, lakini jina lilikuwa limeshachafuka. Vituo kadhaa vya redio viliacha kucheza nyimbo zao. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 1960 bado walipata wimbo mmoja ulioingia katika kumi bora, "Harbor Lights". Kisha mwaka huo huo Tony Williams akaondoka ili aimbe peke yake. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana aliyeitwa Sonny Turner.

Turner alikuwa mwimbaji hodari, na jukwaani aliweza kuziimba nyimbo zote za Williams. Lakini sauti yake haikuwa ile. Ya Williams ilikuwa laini na ikielea juu kama tiara. Ya Turner ilikuwa na ukwaruzo fulani na nguvu ya kifua. Kampuni ya Mercury haikutaka kusikia habari hiyo. Ilitaka santuri zenye sauti ya Williams tu, ikawa inatoa nyimbo ambazo alikuwa amezirekodi kabla ya kuondoka, na mzozo kati yake na Ram ukaishia mahakamani. Fikiria hali ya Turner, msomaji. Yeye ndiye anayetokwa na jasho jukwaani usiku, lakini dukani inauzwa sauti ya mtu aliyekwisha kwenda zake!

Miaka ile kundi liliendelea kumomonyoka. Zola Taylor akaondoka, akaja Sandra Dawn. Paul Robi akaondoka, akaja Nate Nelson, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwimbishaji wa kundi la The Flamingos katika wimbo "I Only Have Eyes for You" wa mwaka 1959. Kuanzia 1962 hadi 1965 The Platters hawakuwa na wimbo hata mmoja katika arobaini bora za pop. Watu wengi walidhani kwamba habari yao imekwisha.

Soul ni nini?

Wakati The Platters wanahangaika, muziki wa Waamerika Weusi ulikuwa umegeuka. Neno "soul" maana yake ni roho, na muziki huo uliitwa hivyo kwa sababu ulitoka kanisani. Katika makanisa ya Weusi nyimbo za injili huimbwa kwa makofi, kwa sauti ya kupaaza, na kwa mpokezano kati ya kiongozi na wenzake. Katikati ya miaka ya 1950 mwimbaji Ray Charles alichukua namna hiyo ya kuimba akaitia katika nyimbo za kidunia. Wako waliomlaumu. Sam Cooke naye aliliacha kundi lake la injili, The Soul Stirrers, akavuma kwa wimbo wa mapenzi "You Send Me" mwaka 1957.

Mwaka 1959 Berry Gordy alianzisha mjini Detroit kampuni ambayo baadaye ilijulikana duniani kote kwa jina la Motown. Detroit ni mji wa viwanda vya magari, na Gordy mwenyewe alikuwa amewahi kufanya kazi katika kiwanda kimojawapo. Kufikia 1965 makundi ya Motown kama The Supremes, The Temptations na The Four Tops yalikuwa yakishika nambari 1. Vijana walitaka kucheza ngoma, si kukaa na kusinzia. Isitoshe, hiyo ndiyo miaka ambayo Weusi wa Marekani walikuwa wakipigania haki zao. Sheria ya Haki za Raia ilipitishwa mwaka 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura mwaka 1965. Watu waliokuwa wakiandamana barabarani walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani, na hawakuona haya tena kuimba kwa sauti yao ya asili hadharani.

Basi hadhira ya The Platters ilikuwa imehama. Wahenga walisema, ngoma ikibadilika, mchezaji naye hubadilika.

Mwanzo mpya

Kundi liliiacha Mercury likaenda katika kampuni nyingine, Musicor. Huko lilikutana na Luther Dixon, mtunzi na mtayarishaji aliyekuwa amewasaidia wasichana wa kundi la The Shirelles kupata sifa kubwa. Dixon hakumwambia Sonny Turner aimbe kama Tony Williams. Alimpa nyimbo zinazoifaa sauti yake.

Mwaka 1966 ukatoka "I Love You 1000 Times", ulioandikwa na Dixon pamoja na Inez Foxx. Mwaka 1967 ukafuata "With This Ring", ambao Dixon aliuandika akishirikiana na Richard "Popcorn" Wylie na Tony Hester, watu wa Detroit. Mwaka huo huo wakatoa "Washed Ashore" na "Sweet, Sweet Lovin'", na albamu moja wakaiita "Going Back to Detroit", yaani kurudi Detroit. Hata ingawa kundi lilizaliwa California, kichwa hicho kinaonyesha wazi walikuwa wakitazama upande gani.

Tuuchambue mtindo huu mpya kama tulivyouchambua ule wa kwanza. Mwendo umeongezwa kasi. Ngoma imesogezwa mbele na gitaa la besi linatembea. Mwimbishaji hapambi kila neno, bali analisukuma kwa nguvu kama mtu anayekusihi ana kwa ana. Lakini badiliko kubwa zaidi liko kwa waitikiaji. Wale waliokuwa wakiguna tu sasa wamepewa maneno. Mwimbishaji akisema, wao wanajibu, wanarudia, wanamhimiza. Huu ndio mpokezano tunaousoma katika fasihi simulizi, ule wa nyimbo za kazi na za jando. Ukimwondoa mwimbishaji katika balada, wimbo unakufa. Ukimwondoa katika wimbo wa mpokezano, waitikiaji bado wana kazi, na mwingine anaweza kuingia mahali pake.

Matokeo yake? "I Love You 1000 Times" ulifika nambari 31 katika orodha ya pop, na nambari 6 katika orodha ya muziki wa Weusi. "With This Ring" ulifika nambari 14 katika pop na nambari 12 kwa Weusi. Linganisha na "Smoke Gets in Your Eyes" wa 1959, uliokuwa nambari 1 katika pop na nambari 3 kwa Weusi. Hesabu hizi zinasema mengi. Mwaka 1966 wimbo wao ulipokewa vizuri zaidi na watu wao wenyewe kuliko na wengine. Hawakurudi katika kilele cha zamani, la hasha, lakini walitoka shimoni. Na walitoka wakiwa na wawili tu kati ya wale watano wa kwanza, yaani Herb Reed na David Lynch.

Mfano wa pili: The Four Tops

Mtu anaweza kusema, "Hao walibadilika kwa sababu mwimbishaji wao aliondoka. Kama angebaki wasingebadilika." Hoja hiyo ina uzito, ndiyo maana nataka tulitazame kundi jingine ambalo halikuondokewa na mtu.

The Four Tops walianza Detroit katikati ya miaka ya 1950, vijana wanne. Kwa karibu miaka kumi waliimba nyimbo za jazi na balada katika vilabu vya usiku. Walikuwa na nidhamu na sauti zilizopangika, lakini santuri zao hazikuvuma. Mwaka 1963 walijiunga na Motown. Huko walipewa watunzi watatu, ndugu wawili Brian na Eddie Holland, pamoja na Lamont Dozier. Watunzi hawa waligundua jambo moja kuhusu mwimbishaji Levi Stubbs. Stubbs alikuwa na sauti ya kati, lakini wao waliziandika nyimbo juu kidogo ya pale alipozoea, ili alazimike kujikakamua. Kule kujikakamua ndiko kulikomfanya asikike kama mtu anayelia kutoka moyoni. Mwaka 1964 walitoa "Baby I Need Your Loving", na mwaka 1965 "I Can't Help Myself" ukafika nambari 1.

Watu walikuwa wale wale wanne, nao waliendelea pamoja hadi Lawrence Payton alipofariki mwaka 1997. Kilichobadilika ni namna ya kuzitumia sauti zilizokuwepo. Kwa hivyo kiini cha jambo si kuondoka kwa mtu. Kiini ni kuusikiliza uwezo ulio nao, kisha kuutafutia wimbo wake.

Je, walisaliti asili yao?

Wakati wa mjadala katika chama chetu, mwenzangu mmoja alisema kwamba The Platters waliiga tu. Alisema waliona Motown inauza, wakakimbilia huko, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Sitaki kumpuuza. Ni kweli walifuata soko, kwa maana mwimbaji naye hula. Ni kweli pia kwamba mpaka leo ukitaja jina la The Platters, watu wanakumbuka "Only You" kwanza. Mwaka 1990 kundi lilipoingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, walioandikwa ni wale watano wa enzi ya balada. Jina la Sonny Turner halimo.

Lakini namjibu mwenzangu hivi: asili yao ilikuwa ipi hasa? Violini na nyimbo za jukwaani za mwaka 1933 ndizo zilikuwa asili ya vijana Weusi wa Los Angeles? Huenda zile balada ndizo zilikuwa vazi la kuazima, nalo liliwapendeza sana. Walipoimba kwa mpokezano walikuwa wamekaribia kanisa la mama zao kuliko walivyokuwa mwaka 1956. Na kule Uingereza, katika miji ya kaskazini, vijana wa miaka ya 1970 waliocheza muziki wa soul usiku kucha walizipenda nyimbo kama "Sweet, Sweet Lovin'" ambazo Wamarekani wengi walikuwa wamezisahau. Kizuri hakikosi mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kusikitisha ambalo siwezi kuliacha. The Platters walikuwa na kampuni yao iliyoshikilia jina la kundi. Baada ya watu kutawanyika, kila mmoja akaanzisha The Platters wake, na kesi kuhusu nani mwenye haki ya jina zikaendelea mahakamani kwa miaka mingi. Kulikuwa na wakati ambapo makundi kadhaa yenye jina hilo yalizunguka kuimba kwa wakati mmoja. Herb Reed, yule aliyelileta jina, alikuwa bado analipigania katika uzee wake hadi alipoaga dunia mwaka 2012. Alikuwa wa mwisho kati ya wale watano. Hapa kuna funzo kwa yeyote anayetaka kuimba kwa kulipwa: soma karatasi kabla hujatia sahihi.

Funzo kwa kwaya zetu

Sisi wa shule ya kutwa tunajua shida ya mazoezi. Jioni kila mtu anakimbilia matatu, kwa hivyo tunafanya mazoezi saa saba, chakula kikiwa bado kooni. Mwaka huu tumeondokewa na dada mmoja wa Kidato cha Nne ambaye sauti yake ilisikika mpaka lango la shule. Aliyechukua nafasi yake ni msichana wa Kidato cha Pili mwenye sauti nzito kidogo, tamu kama asali ikiwa chini. Anapewa wimbo ule ule, uanzie pale pale alipouanzia dada yule. Akifika ubeti wa tatu sauti inakatika, wengine wanacheka kichini chini. Wiki mbili zilizopita alisema ataacha kwaya.

Mimi nauliza, tunamlaumu kwa nini? Hana kosa lolote isipokuwa kwamba yeye si yule. Kumbuka Sonny Turner, aliyekaa miaka mitano na zaidi katika kivuli cha mtu mwingine mpaka mtayarishaji mmoja alipomwandalia wimbo wake mwenyewe. Kwa unyenyekevu nawapendekezea wanakwaya wenzangu na walimu wetu mambo matatu. Tuushushe wimbo uanzie chini ili umfae. Ukigoma kushuka, tuuweke kando tutafute mwingine. Na katika wimbo huo mwingine, waitikiaji wasigune tu, wapewe maneno ya kujibu, ili mzigo usimlemee mtu mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Huenda tusishinde katika tamasha za muziki mwaka huu. The Platters nao hawakurudi nambari 1. Lakini afadhali kwaya inayoimba wimbo wake na kushika nambari ya nne, kuliko kwaya inayoomboleza ya mwaka jana na kumpoteza mwimbaji juu yake.

Msamiati

Balada: wimbo wa mwendo wa polepole, aghalabu wa mapenzi.
Mwimbishaji: anayeongoza wimbo.
Mpokezano: kuimba kwa kupokezana, mmoja akisema na wengine wakijibu.
Santuri: sahani ya kunasia muziki, inayochezwa kwa gramafoni.
Mtayarishaji: anayesimamia kurekodiwa kwa wimbo na kuchagua namna utakavyosikika.
Kujikakamua: kutumia nguvu zote ulizo nazo.

Zoezi

1. Eleza tofauti tatu kati ya kazi ya waitikiaji katika balada na kazi yao katika muziki wa soul.
2. Kwa nini wimbo "I Love You 1000 Times" ulipata nafasi bora zaidi katika orodha ya Weusi kuliko katika orodha ya pop? Toa maoni yako.
3. Taja wimbo mmoja wa kazi au wa jando wa jamii yako unaotumia mpokezano. Onyesha ni wapi mwimbishaji anaweza kubadilishwa bila wimbo kuharibika.
4. Andika insha kuhusu methali hii: Mwacha asili ni mtumwa. Unaweza kuiunga mkono au kuipinga.

Majibu ya swali la tatu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya muhula kufungwa. Yaliyo mazuri tutayaimba.